Kabla Hujampitishia Mwenzako

Wanangu wa Gatwekera na Laini Saba hapa Kibera, na nyinyi wa Gatina na 56 kule Kawangware, sikuja na rungu wala mahubiri. Polisi wamewafukuza miaka na miaka na maskani bado zipo. Mwaka 2022 mlimshangilia mgombea urais, Profesa Wajackoyah, alipoahidi kuhalalisha bangi, na Marasta walienda kortini 2021 wakidai ni haki ya imani yao. Hayo tuwaachie mawakili. Mapafu hayasomi sheria.

Mnaniambia ni majani tu, si kama sigara. Jani lolote likichomwa hutoa lami, na hutoa kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Tena mvutaji wa bangi ana tabia ambayo mwenye sigara hana: anavuta kwa nguvu, anabana pumzi mpaka macho yanamtoka, ndipo aachilie. Msokoto wenyewe hauna kichungi. Daktari Donald Tashkin na wenzake wa Los Angeles walipima jambo hili wakachapisha matokeo 1988: kwa msokoto mmoja, lami iliyovutwa ilikuwa karibu mara 3 ya ile ya sigara moja, na sehemu kubwa zaidi ya lami hiyo ikabaki kifuani.

Sitawatisha na saratani ya mapafu. Tashkin huyo huyo aliitafuta kwa wavutaji wa bangi, na mwaka 2006 akatangaza kwamba hakuuona uhusiano aliotarajia. Nawaambia hilo kwa sababu mzee akitia chumvi, kijana hamwamini tena hata kwa lililo kweli. Lililo kweli ni kikohozi cha kila asubuhi, makohozi yasiyoisha, kifua kinachopiga filimbi usiku. Madaktari huita bronkitisi sugu. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni. Moshi wa kila siku huviharibu, na uchafu ukikosa wa kuusukuma, inabidi uutoe kwa kukohoa. Kuna mwenye pumu anayedai bangi humfungua kifua. Humfungua kweli, kwa muda mfupi. Kisha moshi ule ule unamrudisha alikokuwa, na pumu haiponi hivyo.

Nendeni mjengo wowote Kilimani au Lavington mtazame wanaopandisha zege. Kijana wa miaka 24 anafika ghorofa ya tatu na karai begani, analitua, anashika ukuta, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Msimamizi anamwangalia bila kusema kitu. Kesho asubuhi majina yakiitwa langoni, la kwake halimo, na hataambiwa sababu. Mtu anayetoka Kibera kwa miguu alfajiri kwenda kutafuta kibarua Industrial Area ataishi kwa nini kama si pumzi yake?

Na kifua hicho hakikuanza kikiwa safi. Umekulia kwenye moshi wa mkaa na mafuta ya taa, takataka zikichomwa kando ya reli, kisha vumbi la saruji kazini. Juu ya hayo mnajifungia watu 8 kwenye chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, dirisha limezibwa gunia ili harufu isimfikie mama jirani, na msokoto mmoja unazunguka midomo yote. Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, na kinapenda chumba kilichofungwa. Mwaka 2004 mjini Seattle, Marekani, vijana waliambukizana kifua kikuu, na wachunguzi wa afya walikuta maambukizi yakiwaandama waliovutia bangi ndani ya gari lililofungwa vioo, na waliopulizana moshi mdomo kwa mdomo. Huko ni Seattle, ambako ugonjwa huo ni wa nadra. Kwetu Kenya, utafiti wa kitaifa uliokamilika 2016 ulikuta wagonjwa wengi wako mitaani bila kugunduliwa, wanaume wakiwazidi wanawake.

Mvutaji ndiye hufichika zaidi, maana kikohozi chake ameshakizoea. Akiulizwa, anacheka: ni ngwai tu hiyo, mzee. Jasho la usiku anasingizia mabati, kukonda anasingizia njaa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi ukikohoa wiki mbili, acha kubahatisha. Nenda zahanati ya karibu au hospitali ya Mbagathi, toa makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure, na humezwa miezi 6 kwa kawaida. Ukiziacha mwezi wa pili kwa kuwa umepata nafuu, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa. Muuguzi akikuuliza kama unavuta, mwambie, anauliza ili akutibu. Ukiacha kuvuta, kikohozi cha bronkitisi hupungua. Watafiti wa New Zealand waliowafuatilia watu tangu kuzaliwa miaka ya 1972 na 1973 waliliona hilo kwa walioacha.

Asiyeweza kuacha leo, angalau atoke nje ya chumba, na asimpe mwenzake alichokwisha kukitia mdomoni. Na yule mama mhamasishaji wa afya akifika maskani na vikopo vyake vya makohozi, msitawanyike kama mmeona karao.