Nani Anamwambia Nani Karibu?

Ndugu yangu mdogo amepata wito wa umisionari. Barua ilikuja kwa simu, na Mama akaisoma mara tatu akiwa amesimama jikoni mpaka ugali ukaanza kuungua. Kwa miaka miwili atavaa shati jeupe, tai na kibandiko cheusi chenye jina lake, abishe milango ya watu asiowajua. Sisi ni Wamormoni wa Umoja. Najua, hata wewe umeshtuka kidogo.

Juzi alikuwa akipita steji ya boda pale Mutindwa, jamaa mmoja tuliyekua naye akamshika mkono. "Buda, si hao ndio walikuwa wanasema mtu mweusi amelaaniwa? Na we unaenda kuwauzia dini?" Wenzake wakacheka. Akarudi nyumbani kimya, akakaa kitandani na viatu, akaniuliza: "Siz, nikiulizwa hivyo mlangoni mwa mtu, nasema nini?"

Kwanza, yule wa boda hakudanganya. Mwaka 1852, huko Utah, Brigham Young alitangaza kwamba wanaume weusi hawatapewa ukuhani, na ikawa hivyo hadi Juni 1978. Mtu mweusi aliweza kubatizwa, hapo hapakuwa na neno. Lakini katika kanisa letu ukuhani si wa mapadri wachache; kijana huupata akiwa na umri wa kama miaka 12, na ndiye anayepitisha mkate wa sakramenti Jumapili. Hebu piga picha: mzee mweusi wa miaka 60 ameketi, na mtoto mweupe anampitishia mkate ambao yeye mwenyewe haruhusiwi kuupitisha. Hekaluni pia hangeweza kufungishwa na mkewe na watoto wake milele, jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Sababu zilizotolewa zilikuwa laana ya Kaini na hadithi nyingine za aina hiyo. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha makala ya kuzikana sababu hizo na kulaani ubaguzi wa rangi. Niliisoma yote. Neno samahani halimo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo hayakuanza hivyo. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, kisha mtu akaufunga.

Mimi niliyajua haya nikiwa na miaka 17, kwenye saiba moja ya Buruburu, shilingi moja kwa dakika, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilirudi nyumbani nimewaka. Mama alikuwa akichambua sukuma. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwaka huo wa sabini na nane mimi nilikuwa nachunga ng'ombe Bungoma. Hakuna aliyenikataa. Mimi nilienda kwa Mungu, na nilipofika sikuchelewa. Wao ndio walichelewa."

Kwa miaka mingi jibu hilo lilinitosha. Siku hizi naona lina tundu. Kanisa letu lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991. Waanglikana, Wakatoliki na Waskoti walikuwa wamekaa hapa karne nzima au zaidi. Kwa nini sisi tulichelewa hivyo? Kwa sababu kanisa lisiloweza kutupa ukuhani lisingekuwa na la kufanya kwetu. Mama alikataliwa, ila hakujua hata kama kuna nyumba yenye mlango huo. Unaweza kumdhulumu mtu aliye mbali sana, anayechunga ng'ombe zake kwa amani.

Kuna mwanamke namfikiria sana, Jane Manning James. Mwaka 1843 yeye na jamaa zake, watu weusi huru, walikataliwa kupanda chombo cha majini huko New York, wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo, Illinois, zaidi ya kilomita 1,000. Viatu vikaisha, nyayo zikatoa damu njiani. Baadaye alivuka nyika hadi Utah. Alipozeeka aliomba ruhusa ya ibada za hekaluni, akaomba tena, na tena, miaka inakwenda. Mwaka 1894 walimpa kitu: alifungishwa kwa familia ya Joseph Smith kama mtumishi. Wa milele. Na hata siku hiyo mwanamke mwingine alisimama badala yake, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuingia. Akaendelea kuomba kile hasa alichokitaka. Alikufa mwaka 1908 akiwa bado Mmormoni.

Ukiniuliza kama alikuwa mjinga, nitakujibu siku nyingine. Kuna asubuhi namwona mjinga, na kuna usiku namwona ndiye pekee aliyeliamini kanisa lile kwa dhati.

Ndiyo maana neno "karibu" linanisumbua. Anayelisema ni mwenye nyumba. Nikisema kanisa limenikubali, nimeshakiri kwamba nyumba ni ya mwingine na mimi ni mgeni niliyeruhusiwa kukaa, na mgeni anaweza kuambiwa usiku umeingia. Nairobi yenyewe ilijengwa hivyo. Wazungu walijitengea magharibi, Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara, na Mwafrika akapangiwa huku mashariki, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, na kuingia mjini ni kwa kipande shingoni. Hekalu letu lilipowekwa wakfu Mei 2025 lilikuwa upande ule wa Waiyaki Way. Kutoka Umoja ni mathree mbili na foleni. Sisemi walikusudia. Nasema tu nauli tunailipa sisi.

Wengine hawakungoja kukaribishwa. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, na hadi leo Jumapili unawaona Eastlands na vilemba, bendera na ngoma, barabara ni yao. Lakini Afrika Magharibi kuna waliofanya jambo la ajabu zaidi. Nchini Ghana, Joseph William Billy Johnson alianza kuhubiri Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, miaka 14 kabla ya marufuku kuondolewa. Hakuna aliyemtuma. Kule Nigeria Anthony Obinna naye aliandika barua Salt Lake City, akasubiri. Wamisionari walipofika mwishoni mwa 1978 walikuta watu wameshaketi. Hapo mgeni ni nani? Mwaka 2009 Joseph Sitati, Mkenya, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwa kwenye uongozi mkuu wa kanisa. Mama alipiga vigelegele ploti nzima ikasikia. Mimi nilifurahi, kisha nikahesabu miaka tangu 1836.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande wa walioonewa. Lakini mwaka jana kijana mmoja kutoka Sudan Kusini alikuja kanisani kwa mara ya kwanza, mrefu, suti imembana mabegani. Akanionyesha nafasi iliyokuwa kando yangu. "Kuna mtu?" Nikasema yupo, anakuja. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimechoka, sikutaka kuongea na mgeni, na ndiyo, nilikuwa nimeshasikia maneno ya mtaani kuhusu watu wake na nikayaacha yakae kichwani. Akaenda kuketi nyuma. Sikumwona tena. Hakuna Brigham Young aliyenituma. Ni mkoba wangu, niliuweka pale mwenyewe.

Hiyo nayo nilimwambia ndugu yangu. Jana usiku alikuwa akipiga pasi mashati sita meupe, nikamuuliza kama ameshapata jibu.

"Nitasema ni kweli," akasema. "Sitaanza kuzungukazunguka. Halafu nitamwambia habari ya yule mama aliyetembea."

"Na akikufungia mlango?"

"Si ni wake."

Akageuza kola. Stima ikapotea, tokeni zimeisha, na Mama akaita kutoka chumbani akitaka kujua ni nani anayepiga pasi saa hizi.