Kitu Nyuma ya Kioo

Msomaji, neno makumbusho limetokana na kukumbuka, na mtu hawezi kukumbushwa jambo asilolijua kamwe. Aliyekijua kitu huingia katika jumba la makumbusho, akakiona, akakumbuka. Asiyekijua hakumbushwi, yeye hufundishwa. Tofauti hii ni kubwa kuliko tunavyoidhania, maana mwenye kukumbuka aweza kusema, "Hapa pamepungua neno," lakini mwenye kufundishwa hana budi kusadiki.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu kutoka Kisii kwenda kutazama makumbusho moja. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane. Kikaratasi chini yake kilisema: "Ala ya muziki. Kabila: Wakisii." Hapakuwa na uongo hata chembe. Kijana mmoja, atokaye upande wa Nyamira, alikisoma, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, hii haivumi."

Babu yake ni mpigaji. Kijana alijua kwamba obokano huunguruma kwa sauti nzito, na kwamba ule mvumo ambao mgeni angeudhani kuwa kasoro ya ufundi ndio autafutao mpigaji. Wenzake wawili waliokulia mjini, wasiopata kuisikia, walinakili kikaratasi katika daftari zao wakaenda zao. Watatu hao walitazama kitu kimoja. Mmoja alikumbuka, wawili walifundishwa, na walilofundishwa ni kwamba obokano ni kitu kimya.

Wala usidhani kwamba kikaratasi peke yake ndicho kisemacho. Mahali kiwekwapo kitu nako husema. Mwaka 1988, katika mji wa New York, Susan Vogel aliandaa maonyesho kwa ajili ya kulichungua jambo hilo. Alichukua wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wa kaskazini mwa Kongo, uliokunjwa na kufungwa kitita, akauweka katika chumba cheupe kitupu, kama wafanyavyo wasanii wa leo kwa kazi zao. Wavu haukubadilika hata uzi mmoja. Walakini, mtu aliyeingia chumbani mle aliona sanaa mbele yake. Lau ungaliwekwa kando ya mikuki na sanamu ya swala, angaliona chombo cha mawindo tu. Zamani niliamini kwamba uzuri umo ndani ya kitu chenyewe, na kwamba jicho jema litauona popote. Habari za wavu ule zimenitia shaka. Naona sasa kwamba jicho huongozwa na mkono wa aliyekiweka kitu mahali pake, na aghalabu mkono huo hauonekani.

Njoo sasa karibu na nyumbani, Tabaka, kwenye machimbo ya lile jiwe laini lijulikanalo duniani kwa jina la Kisii. Wanaume hulichonga likiwa limelowa maji. Wanawake aghalabu ndio wanaolisugua kwa msasa na maji hata liteleze na kung'aa. Ndege aliyechongwa na Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, amewekwa katika makao makuu ya UNESCO, Paris, na jina la mchongaji hutajwa pamoja naye. Bakuli kutoka mtaa ule ule likivuka bahari huandikwa "Kisii, Kenya," basi. Sisemi kwamba bakuli ni sawa na ndege yule. Fikra iliyomo ndani ya ndege haimo katika bakuli la mia moja lililofanana na yale tisini na tisa. Nasema tu kwamba kabila zima halikushika kisu kimoja. Aliyechonga alikuwa na jina, ila hakuulizwa, na aliyesugua ndiye aliyesahauliwa zaidi. Mgeni akipita vyumba vingi vya namna hiyo atatoka akiamini kwamba Ulaya watu huchonga, na Afrika makabila huchonga.

Pengine kosa hutangulia kikaratasi. Wamijikenda wa pwani husimamisha vigango, nguzo za mti zilizochongwa, kwa ajili ya wazee marehemu wa chama cha Gohu, na having'olewi hata jamaa wahamapo. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama sanaa. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani. Kwa kigango, maelezo mazuri kuliko yote yasingetosha, kwa kuwa kwa wenyewe yule ni mzee wao, na mzee hawekwi kabatini.

Wanafunzi wengine, niliposema hayo darasani, walitaka majumba hayo yafungwe. Siwaungi mkono. Pasipo kabati lile, wale vijana wawili wa mjini wasingaliiona obokano hata hiyo iliyo kimya.

Niliwaandikia wenye makumbusho, nikaomba jina la fundi aliyeitengeneza obokano ile liongezwe. Walinijibu kwa adabu kwamba siku ilipopokewa jina halikuandikwa daftarini. Kijana alimpelekea babu yake habari hiyo. Mzee aliwataja mafundi watatu waliokuwa wakitengeneza obokano upande wao zama zile, akasema kwamba kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuwamba ngozi, na kwamba akiiona kwa macho yake atajua ni kazi ya nani. Hajaiona bado. Nauli yake ya kwenda na kurudi tungali tunaichanga.