Simu Yenye Nyuso Mbili: Je, Kukosa Njia ya Dhambi ni Uchamungu?



Ndugu msomaji, swali la makala hii ni moja. Mtu anayejiepusha na jambo kwa sababu tu chombo alichonacho hakiwezi kulifanya, je, ana uchamungu wowote ndani yake? Au ni mtu yuleyule, ila amefungiwa mlango?

Swali hili lilizuka nyumbani Budondo, kaskazini mwa Jinja, wakati wa likizo. Jamaa yetu mmoja mfanyabiashara alirudi kutoka China na simu aina ya Hisense A6, iliyotoka mwaka 2018. Alisema ameinunua ili asome Qur'ani zaidi na kutazama video kidogo. Niliitumia kwa siku chache, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mbele ina kioo cha kawaida chenye rangi zote, kama simu zetu. Nyuma ina kioo cha pili, cha wino wa kielektroniki. Ndani yake mna vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka. Herufi ikishakaa, inabaki pale bila kula betri mpaka ubadilishe ukurasa. Kioo hiki hakitoi mwanga wa kukuchoma macho. Kinasomeka kwa mwanga ulio nje yake, kama karatasi. Saa saba mchana, jua la Busoga likiwaka, nilisoma chini ya mwembe bila kukunja uso, na irabu za Kiarabu zilionekana vizuri.

Lakini ni kizito. Ukipandisha ukurasa haraka, maandishi ya nyuma yanaacha kivuli. Video inakatika-katika, haina rangi, na baada ya dakika moja unachoka mwenyewe. Kwenye kioo hicho hakuna kinachokuvuta. Unasoma ulichokusudia, kisha unaiweka chini.

Jambo la pili ni kwamba haina huduma za Google. Hakuna Play Store, na duka la programu lililomo ni la Kichina. WhatsApp ilibidi ipakuliwe kutoka kwenye tovuti yake yenyewe. Inafanya kazi, ila haihifadhi mazungumzo kwenye Google Drive. Baadhi ya programu hufunguka na kulalamika kuwa kuna kitu kinakosekana, kisha hujifunga. Kutuma pesa kwa *165# hakukuwa na tatizo, maana hiyo inapita kwenye laini, haihitaji intaneti wala Google.

Ni rahisi kuiona simu kama hii na kusema: hii ndiyo simu ya zuhdi. Tusiharakishe. Google haimo kwa sababu simu ilitengenezwa kwa soko la China, ambako huduma hizo hazipatikani. Simu mpya za Huawei nazo zilikosa huduma hizo baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019. Sababu zote mbili ni za siasa na biashara. Hakuna fundi aliyekaa akawaza jinsi ya kulinda macho ya kijana wa Kiislamu. Na wanazuoni wetu wametufundisha kutofautisha fukara na zahidi: fukara amekikosa kitu, zahidi kitu hakijamkaa moyoni hata kikiwa mkononi mwake.

Sisi Waganda tunao ushahidi wa karibu. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook ilifungwa nchini, kisha intaneti yote ikakatwa kwa takriban siku tano. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Je, watu waliacha kuitaka? Wengi waliweka VPN na kuendelea. Sijadili hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba mlango ukifungwa kutoka nje, moyo hutafuta dirisha. Hata jamaa yetu wa Budondo, siku ya tatu alikuwa amekwisha kupata tovuti nyingine ya kupakulia programu za video fupi, anazitazama kwenye kioo cha mbele. Alicheka mwenyewe tulipomuuliza kuhusu Qur'ani.

Basi mtu anaweza kuhitimisha kwamba vyombo havina maana, jambo lote ni moyo. Hitimisho hilo nalo si sahihi, na ndilo hatari zaidi kwetu wanafunzi, kwa sababu linatupa ruhusa ya kubaki kama tulivyo huku tukisema "nia yangu ni safi."

Tazama jinsi dini yetu inavyotuongoza. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kijana asiyeweza kuoa afunge saumu, kwa kuwa saumu ni kinga kwake. Hakumwambia aimarishe moyo tu na kubaki vilevile. Alimpa utaratibu wa mwili. Alikataza mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faraghani, wala hakuwaachia wapime kwanza nguvu ya imani yao. Mafakihi wakaijengea maana hii kanuni ya sadd al-dharai, yaani kuziba njia zinazopeleka kwenye haramu. Kumbe sheria inamjua binadamu: inajua kwamba mwenye akili hapigani kila siku vita anavyoweza kuviepuka.

Imam al-Ghazali aliyajua haya kwa vitendo. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu katika Nizamiyya ya Baghdad, cheo kilichokuwa na heshima kubwa, kwa kuiogopea nia yake. Lakini katika Ihya, kwenye kitabu alichokitenga kwa ajili ya uzla, yaani kujitenga na watu, hakusema kila mtu ajitenge. Alizipima faida na hasara zake, na akaonyesha kwamba hukumu hutofautiana kwa kadiri ya hali ya mtu.

Kwa kipimo hicho, jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kukosa njia si uchamungu. Kuifunga njia kwa mkono wako, ukijua unachokifunga na kwa ajili ya nani, huko ni kuanza uchamungu. Kitendo kinaweza kuonekana kimoja kwa nje, lakini mmoja amenyimwa na mwingine amechagua.

Ndiyo maana naona kuwa vioo viwili vina funzo kuliko simu yenye kioo cha wino peke yake. Simu ya vioo viwili haikuondolei uhuru. Mara kumi kwa siku unaishika, na mara kumi unaamua uigeuze upande gani. Huo ndio uwanja wa muhasaba. Na hata anayeteleza akageuza upande usiofaa, angalau amejiona akigeuza.

Sharti moja lisisahaulike: uzla wako usile haki za watu. Ratiba ya mtihani inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzako wa kazi ya kikundi anasubiri sehemu yako. Mama yuko Budondo, wewe uko Mbale, na kati yenu kuna barabara ya Iganga na Tirinyi. Ujumbe wake ukichelewa nusu siku kwa sababu simu yako haipokei taarifa vizuri, utulivu wako umelipiwa na yeye. Anayetaka kujitenga na apange: awaambie watu wake wampigie, na asome ujumbe kwa saa zinazojulikana.

Wala hakuna haja ya kuagiza simu kutoka China. Anayetaka anaweza kuzima data baada ya Isha mpaka baada ya swala ya Alfajiri. Anaweza kuondoa programu moja inayomla zaidi, kwenda maktaba na katochi pekee, au kusoma msahafu wa karatasi, ambao haujawahi kuishiwa chaji. Ila afanye kwa nia aliyoitamka moyoni, ajipe muda, na mwisho wa muda ajiulize swali ambalo simu haiwezi kumjibia: nafasi iliyopatikana nimeijaza na nini? Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha kuwa afya na wakati wa faragha ni neema ambazo wengi huzipoteza. Kioo chenye utulivu kinaweza kukurudishia saa mbili, lakini utazitumiaje ni juu yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuvimiliki vyombo vyetu, wala visitumiliki. Wabillahi tawfiq.