Uwekevu na Sufuria ya Maharagwe

Maharagwe, ambayo Wanyarwanda huyaita ibishyimbo, ni chakula cha kila siku nchini Rwanda, kwa mwenye nacho na kwa asiye nacho. Hapa Kimihurura, sehemu ya mji wa Kigali lilipo jengo la Bunge, mtu huweza kuyapata kwa njia mbili: kununua makavu akayachemsha mwenyewe, ama kununua yaliyokwisha kuchemshwa, akayaunga tu jioni. Katika njia ya pili mnunuzi hulipa bei ya maharagwe, bei ya moto na ujira wa mchemshaji. Kwa hiyo watu wenye busara hutushauri tununue makavu, tupike nyumbani, tuweke akiba. Ushauri huu hauonekani kuwa na ubishi. Hata hivyo umebeba swali linalostahili kuchunguzwa: je, uwekevu ni wema siku zote?

Kwanza, hatuna budi kukiri kwamba washauri hao wana hoja. Kilo moja ya maharagwe makavu ikiiva hupata uzito wa zaidi ya kilo mbili. Makavu yakihifadhiwa vema hukaa miezi mingi, na wahenga walikwisha sema kuwa akiba haiozi. Walisema pia kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha nafaka. Basi anayepima maharagwe yake kwa uangalifu hana la kuaibikia.

Lakini maharagwe hayaivi kwa methali. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo sufuria ya Kigali hukaa motoni muda mrefu kuliko ile ya pwani. Tena maharagwe yaliyokaa ghalani siku nyingi penye joto na unyevu huwa magumu zaidi. Kuyaloweka usiku kucha husaidia. Magadi nayo huyalainisha upesi, ila hupunguza baadhi ya vitamini. Kwa vyovyote, makaa na saa lazima viingie katika hesabu.

Sisi tuliwahi kuifanya hesabu hiyo nyumbani kwetu. Tuliandika bei ya maharagwe, tukaandika na ya makaa, tukaona faida bado ipo. Tulijisifu. Baada ya wiki kadhaa tuligundua kuwa binti anayetusaidia kazi za nyumbani ameacha kwenda kwenye mafunzo yake ya ushonaji ya jioni. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole kwamba maharagwe hayaivi kabla ya saa kumi na mbili, na hakutaka kuyaacha motoni yakaungua. Saa zake hatukuwa tumeziandika popote. Kwa kuwa tunamlipa kwa mwezi, tulidhani ni za bure.

Hapo tuliona kosa letu. Fedha tulizojivunia zilikuwa zimetoka katika masomo ya mtu mwingine. Walimu wenzetu wanajua kuwa neno uwekevu limetokana na kitenzi weka, nacho katika kauli ya kutendea huwa wekea. Twaweza kumwekea mtu akiba. Twaweza pia kumwekea mtu mzigo. Anayejiita mwekevu na ajiulize ni lipi kati ya hayo mawili analolitenda.

Huenda msomaji akasema kwamba binti huyo analipwa, na kupika ndiyo kazi yake. Ni kweli. Lakini tulipopatana naye tulimwahidi jioni zake, na ahadi haivunjwi kwa sababu ya bei ya makaa. Mwingine atasema kwamba mama asiye na fedha hana hiari, lazima achemshe makavu. Hilo pia ni kweli, na twamheshimu, maana yeye hutoa saa zake mwenyewe. Lakini asihubiriwe uwekevu na watu ambao hawajawahi kukesha karibu na jiko.

Aristotle aliuweka ukarimu katikati ya ubadhirifu na ubahili, akimtazama hasa mwenye mali na jinsi anavyoitumia. Tunaona yafaa kumtazama pia mtu wa tatu, yule anayebeba gharama isiyoandikwa.

Hatukuacha kununua maharagwe makavu. Siku hizi huyaloweka mwenye zamu, na zamu inatuhusu sote, baba wa nyumba akiwamo. Jumamosi sisi wenyewe ndio tunaokaa na sufuria. Siku za mafunzo tunanunua yaliyochemshwa kwa mama mmoja jirani. Moto wake mmoja hutosha nyumba nyingi, naye hulipwa kwa saa zake. Faida yetu imepungua kidogo. Binti amerudi kwenye cherehani, na juzi ametushonea mfuko wa kuwekea maharagwe.