Naomi Aliyetaka Kuitwa Mara

Kitabu cha Ruthu kina swali ambalo huwa tunalipita mbio tukikimbilia kwa Boazi: mtu wa Mungu akisema wazi kwamba maisha yake ni machungu, je, amekosa imani?

Jina Naomi kwa Kiebrania lina maana ya kupendeza, utamu. Mama huyu alikimbia njaa Bethlehemu akaenda Moabu na mumewe Elimeleki na wana wawili. Akawazika wote watatu. Aliporudi, wanawake wa mji waliulizana kama ni yeye kweli. Akawaambia waache jina hilo, wamwite Mara, yaani uchungu. (Si Mara ya mto wetu kule Narok, ni jina lilelile la yale maji machungu ya Kutoka 15.) Tena hakuzunguka. Alisema ni Mwenyezi aliyemtenda hivyo.

Nawajua wapendwa wangu. Mjane akisema hivyo kwenye ushuhuda, kabla hajamaliza mtu amesharuka: "Ishindwe! Usikiri hivyo, mama!" Mimi nikisoma sura ile simwoni anayemkemea. Mungu mwenyewe hamkemei. Ayubu alisema makali kuliko hayo.

Lakini angalia: hakuna aliyemwita Mara pia. Mstari wa 22, hajamaliza hata kulalamika, mwandishi anasema ni Naomi aliyerudi, na ni Naomi hadi sura ya 4. Walimwacha aseme yote, wakamtunzia jina lake. Nadhani hilo ni gumu kuliko kukemea, maana kukemea ni dakika moja tu.

Na ule utupu je? Katika 1:21 analia kwamba amerudi mtupu, na Ruthu amesimama papo hapo! Ningekuwa mimi ningeumia. Ruthu hajibu kitu; anaenda kuokota masazo ya shayiri. Kisha katika 3:17 anarudi na vipimo sita kwenye nguo aliyojitanda, akisema Boazi hakutaka aende kwa mkwewe mikono mitupu. Kwa Kiebrania ni neno lilelile alilolilia Naomi. Jibu lake lilikuja kama chakula.

Mwishoni wanawake wa Bethlehemu wanasema mwana amezaliwa kwa Naomi. Jina Obedi walimpa wao, majirani.