Moja Mkononi

Hebu jumlisha 27 na 35. Wewe msomaji umeshapata 62 kabla hujamaliza sentensi hii, na kama ulisoma shule zetu hizi basi kichwani kwako umepita ule wimbo: saba na tano kumi na mbili, andika mbili, moja mkononi. Mbili na tatu tano, na ile ya mkononi, sita. Wengine walifundishwa "weka kichwani", wengine "peleka juu". Ni yale yale. Swali langu ni dogo na limeninyima usingizi kuliko linavyostahili: ile iliyoko mkononi, ni moja kweli?

Si moja. Ni kumi. Mwalimu anajua, aliyetunga kitabu anajua, mimi na wewe tunajua. Asiyejua ni mtoto, na ndiye tunayemwambia "moja". Sasa hapo tunamfundisha au tunamdanganya?

Jambo hili lilinikuta barazani, nikimpa tuisheni binti wa jirani, darasa la pili. Kwenye daftari lake 27 na 35 ilikuwa 512. Mama yake akacheka, nami nikacheka, mtoto naye akacheka ili asibaki peke yake. Lakini litazame jibu lile kwa utulivu. Mbili na tatu ni tano, kaandika tano. Saba na tano ni kumi na mbili, kaandika kumi na mbili. Kujumlisha hakukosea hata mahali pamoja. Alikosa habari moja tu, kwamba ile 2 ya 27 haisemi mbili, inasema ishirini, kwa sababu ya pale iliposimama.

Kesho yake kulikuwa na jaribio. Nikafanya kile anachofanya kila mtu: nikamfundisha wimbo. Nusu saa tu, akawa anapata zote. Jaribio akapata kumi kwa kumi, mama mtu akanishukuru kwa noti iliyokunjwa, nami nikaipokea, sikatai. Jioni, kwa udadisi tu, nikammwagia vizibo vya soda kumi na sita, nikaandika 16 kwenye karatasi. Nionyeshe hiyo sita. Akahesabu vizibo sita. Haya, nionyeshe hiyo moja. Akasogeza kizibo kimoja. Na hivi tisa vilivyobaki je?

"Hivyo anko si vimebaki tu."

Ile noti ilikuwa bado mfukoni.

Swali la 16 si la kubuni mimi. Constance Kamii, mwanamama aliyesoma kwa Piaget kule Geneva kisha akafundisha Marekani, aliwauliza watoto hivyo hivyo miaka ya 1980, na wengi wakasogeza kimoja. Yeye alifika mbali: alisema kuwafundisha watoto wadogo ule wimbo wetu kunawadhuru, maana wanaacha fikra zao wenyewe na kushika amri.

Nikalipeleka suala hili kijiweni. Wa kwanza akanirukia: dereva wa daladala anajua injini inavyofanya kazi? Si anakanyaga tu mafuta twende? Huyo nilimmudu. Dereva hajaambiwa kwamba usukani ndio injini. Wa pili alinibana. Akasema, sisi chuoni tulikariri sura nzima nzima bila kujua Kiarabu hata chembe, maana tukaja kuipata ukubwani, na wengine hawajaipata mpaka leo. Utasema maalimu alitudanganya?

Nililala nalo hilo. Asubuhi nikaona tofauti. Maalimu hakumwambia mtoto kwamba ameelewa. Kila mtu pale, mpaka mtoto mwenyewe, alijua kwamba maana iko mbele inamngoja. Lakini ile kumi kwa kumi ya wino mwekundu ilisema jambo lingine. Ilisema, umefika. Na mimi ndiye niliyempeleka mtoto mpaka kwenye uongo ule, kwa nia njema na kwa malipo.

Wala sitaki kumtupia mzigo mwalimu wa shule. Mwenye darasa lililofurika mpaka mlangoni atapata wapi vizibo vya kutosha, na nani atavihesabu tena jioni? Halafu tukumbuke kwamba jambo lenyewe ni gumu. Warumi walijenga dola nzima bila kulijua: X yao ni kumi popote ilipokaa. Wahindi ndio walioipa tarakimu hii tunayoiandika sisi thamani kwa nafasi yake, na mwaka 628 Brahmagupta akaiandikia sifuri kanuni zake. Al-Khwarizmi akalieleza Baghdad karne ya 9, Fibonacci akaliandikia kitabu Italia mwaka 1202. Karne ngapi hizo? Sisi tunataka mtoto wa miaka saba alimeze kwa muhula mmoja.

Lugha yetu nayo inasaidia nusu ya njia. Wazee wa pwani walisema edashara na thenashara, ambamo huoni kumi wala mbili. Sisi tunasema kumi na mbili, na kila kitu kiko wazi. Lakini ukifika ishirini, pazia linashuka. Mganda husema amakumi abiri, makumi mawili, na mtoto wake anaisikia mbili kwa masikio yake. Wa kwetu ataisikia wapi ndani ya "ishirini"? Ukimwambia aandike mia moja na tano anakuandikia 1005, mia kwanza halafu tano, kama alivyosikia. Ni mtiifu kupita kiasi.

(Nilitaka kuandika shairi hapa, kwamba na binadamu thamani yake ni pale alipokaa, na sifuri ikikaa mahali pazuri inaheshimiwa. Nikalichana. Washkaji wote wanaoandika wamelipitia shairi hilo.)

Basi nikarudi kwa yule binti na vizibo, safari hii bure. Nikavifunga kumi kumi kwenye vimfuko vya karanga. Haikusaidia kitu. Kwake kimfuko kilikuwa kimfuko. Ilibidi nimwachie afunge mwenyewe, afungue, ahesabu, afunge tena, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja akashika kimfuko akasema hiki kimoja, hiki kumi, akanitazama kama mtu aliyeona mwizi. Hapo mimi nami nikajifunza jambo. "Moja mkononi" si uongo mtupu. Ni moja kweli, moja ya makumi. Tumekata maneno mawili ya mwisho, na tumemkatia mtu asiyeweza kuyarudisha mwenyewe. Muuza nyama akikwambia "kilo moja" akanyamaza kuhusu mifupa, utamwitaje?

Tangu hapo binti akaacha wimbo. Hakuanzia kulia. Ishirini na thelathini, hamsini. Saba na tano, kumi na mbili. Hamsini na kumi na mbili, sitini na mbili. Hakuna aliyemwonyesha njia hiyo.

Wiki iliyofuata akaja na daftari. Majibu yote sahihi, na pembeni kwa wino mwekundu: anzia kulia. Alama zimekatwa. Akaniuliza, "Anko, kesho nifanye ya shule au ya kwetu?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikamwambia afanye ya shule. Akaitikia, akakusanya vizibo vyake akaviweka kwenye vimfuko, na mimi sikumuuliza tena ile moja ni ngapi.