Kuuaga mji wa masomo

Kuuaga mji wa masomo huanza kabla ya safari: ufunguo wa chumba hurudishwa, sufuria na blanketi hugawiwa wanaobaki, na mitaa iliyozoeleka hutembewa bila haraka. Kuagana huko si lazima kuwe kwa mwisho. Julius Nyerere alifika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949, akapata shahada ya M.A. mwaka 1952, akarudi kufundisha katika shule ya Pugu; miaka kumi baadaye chuo kilekile kilimtunuku shahada ya heshima, naye tayari ameshaongoza nchi. Safari ya kurudi nyumbani nayo hubadilika: anayerejea Nyarugusu, mkoani Geita, leo hushukia Mwanza, kisha huelekea Geita kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Waliomtangulia walisubiri feri, pengine kwa saa kadhaa.